Mama aliingia ICU kwa ajili ya tumbo, sasa wanasema ana nimonia. Imetoka wapi?

SWALI: Shikamoo dokta. Mama yangu ana miaka 58, alilazwa na maumivu makali ya tumbo wakasema vidonda vya tumbo vimetoboa, akafanyiwa operesheni usiku uleule. Baada ya hapo presha ikashuka sana, mkojo ukawa hautoki, wakasema ni sepsisi wakamweka ICU kwenye mashine ya kupumulia. Juzi ilikuwa siku ya sita, wakatuita wakasema kapata nimonia ya hospitalini. Dokta, mama hakuwa na kikohozi hata kidogo, na tangu siku ya kwanza anachomwa antibayotiki za bei ambazo sisi wenyewe tunanunua. Nimonia imetoka wapi? Kaka yangu anasema ni uzembe, anataka tumhamishe hata leo. Tufanyeje?

JIBU: Marahaba mdogo wangu, na pole sana. Najua ukiwa nje ya ule mlango wa ICU unasubiri saa ya kuona wagonjwa kila neno jipya la daktari linashuka kama rungu. Swali lako nimelisoma mara mbili, na nitajibu kwa urefu maana ndani yake kuna maswali matatu, nimonia imetoka wapi, kwa nini dawa hazikuizuia, na je kuna mtu kakosea.

Nianze na hilo jina maana naona ndo lililowasha moto kwa kaka yako. Nimonia inaitwa ya hospitalini ikianza masaa 48 au zaidi baada ya mtu kulazwa, na kama mgonjwa ameshakaa na mpira wa kupumulia masaa 48 au zaidi basi inahesabiwa kuwa ni ile ya mashine. Kinachoangaliwa hapo ni saa basi. Daktari alipotamka hivyo hakuwa anakiri kosa, alikuwa anawaambia ni vijidudu vya aina gani anavifikiria, kwa sababu vinavyomshika mtu akiwa nyumbani Jumapili jioni na vinavyomshika mtu aliyelala ICU siku sita havifanani, na dawa zake pia hazifanani.

Sasa imetoka wapi. Ndugu wengi wanawaza imeruka hewani kutoka kitanda cha jirani, na wengine wanaanza hata kumwangalia vibaya mgonjwa wa jirani mwenye kikohozi. Mara nyingi nimonia hii inatoka mdomoni kwa mgonjwa mwenyewe. Mdomo wa mtu mwenye afya umejaa bakteria lakini ni wale wapole tuliozoeana nao tangu utotoni, mtu akiugua sana wale wapole wanapungua na nafasi yao inachukuliwa na wakorofi, wale wa utumboni na wa mazingira ya hospitali. Hili linajulikana tangu 1969, kuna madaktari Marekani walipitisha pamba kooni kwa wagonjwa wakaotesha maabara, wakaona kadiri mtu anavyozidi kuwa mahututi ndivyo koo lake linavyojaa hao wakorofi, hata kabla hajapata nimonia yoyote.

Alafu kuna ule mpira. Umeingia mdomoni kwa mama ukashuka ukapita katikati ya nyuzi za sauti mpaka kwenye njia kuu ya hewa, na karibu na ncha yake kuna puto dogo linalojazwa upepo ili kuziba pembeni, hewa ya mashine isitoke na mate yasishuke. Nikiwa nafundisha wanafunzi huwa nalijaza lile puto ndani ya bomba la plastiki linaloonyesha, tunamwaga juu yake maji yaliyotiwa rangi ya bluu, tunakaa tunaangalia. Puto halijai likawa laini kama chungwa, linabaki na mikunjo midogo, na ndani ya ile mikunjo utaona bluu inateremka mstari mwembamba, taratibu, inatokea upande wa pili. Hivyo ndivyo mate yanavyoshuka kwa mgonjwa. Mama kalazwa na dawa ya usingizi hawezi kumeza, hawezi kukohoa, vile vinyweleo vidogo vinavyofagia makohozi kwenda juu mpira umevikalia njiani, na ndani ya mpira wenyewe baada ya siku kadhaa unajengeka utelezi, kama ule unaousikia na kidole ndani ya dumu la maji lililokaa muda bila kusuguliwa, bakteria wanakaa humo na dawa haiwafikii vizuri. Kwa hiyo mpira uleule unaompa pumzi ndo umewafungulia njia. Mpira ule bila shaka umemwokoa, presha imeshuka vile na mwili umechoka vile asingeweza kupumua mwenyewe, lakini kila siku unaobaki pale una gharama yake. Utafiti mmoja wa Kanada wa 1998 ulikuta hatari ni kubwa zaidi siku tano za mwanzo, kama asilimia 3 kila siku, kisha inashuka pole pole. Siku ya sita ya mama yako haikunishangaza.

Hiyo ilikuwa habari ya mpira. Habari ya pili ni sepsisi yenyewe, na hii watu hawaambiwi kabisa.

Tangu 2016 wataalamu wamekubaliana kuiita sepsisi pale ambapo mwili unapambana na maambukizi kwa namna iliyovurugika mpaka viungo vyake vyenyewe vinaanza kufeli, ndo maana mama presha ilishuka na figo zikaacha kutoa mkojo ingawa ugonjwa ulianzia tumboni. Na usidhani kapata kitu cha ajabu, kwa mwaka 2017 peke yake ilikadiriwa watu milioni 48.9 duniani waliugua sepsisi na milioni 11 wakafa, na sisi wa Afrika kusini mwa Sahara ndo tumebeba mzigo mkubwa zaidi. Watu wanajua ile nusu ya kwanza, mwili kuwaka moto. Nusu ya pili ni kuzimika. Chukulia mtaani kwenu mwizi kaingia saa nane usiku, mtaa mzima umetoka na mapanga na mayowe, watu wamekimbizana mpaka alfajiri, sasa jua limetoka wote wamelala fofofo milango wazi, akipita mwizi wa pili mchana ule nani atamsikia? Kinga ya mtu mwenye sepsisi inafika hapo. Chembe za kinga nyingi zinakufa, na zinazobaki zipo lakini hazifanyi kazi. Mwaka 2011 watafiti wa St. Louis kule Marekani walitoa taarifa ya wagonjwa 40 waliofariki kwa sepsisi ICU, familia zikaruhusu wachukue vipande vya bandama na mapafu muda mfupi tu baada ya kifo, na walipozichokoza zile chembe za kinga maabara zikatoa silaha kidogo mno kulinganisha na za watu ambao hawakuwa na sepsisi. Kwa hiyo mama yako alipofika siku ya nne ya tano, wale wakorofi wakitiririka na mate kwenda chini walikuta mapafu hayana mlinzi wa maana.

Mtu atauliza si waiamshe hiyo kinga kwa sindano? Wamejaribu. Kuna jaribio la Ulaya ambalo matokeo yake yalitoka 2023, wagonjwa wa mashine walipewa interferoni gama kuwakinga na nimonia ya hospitalini, jaribio likasimamishwa kabla ya muda, waliopewa dawa hawakufanya vizuri kuliko ambao hawakupewa. Nakueleza hili kwa sababu najua kuna mtu kwenye familia atakuja na chupa ya mafuta ya habat soda au mchanganyiko wa tangawizi na vitunguu saumu wa kuongeza kinga, aombe nesi apitishe kwenye mpira wa pua. Tafadhali msifanye hivyo, tumbo limeshonwa juzi tu, na huo mpira una kazi yake maalum.

Kuhusu antibayotiki, naelewa uchungu wa kununua dawa kwa pesa ya kukopa alafu unaambiwa kuna ugonjwa mpya. Lakini dawa alizoanza nazo zilichaguliwa kwa ajili ya uchafu uliomwagika tumboni, na zimefanya kazi yake, ukiniambia presha imepanda na mkojo umerudi mimi nasema zimemsaidia sana. Shida ni kwamba dawa inaua wanaokufa. Wanaobaki ni wale sugu, na wakishabaki peke yao wanatanuka. Kwenye karatasi ya maabara utakuja kuona majina kama klebsiela, sudomonasi, asinetobakta, hawa ndo wanaotusumbua ICU, na huyo asinetobakta anaweza kukaa juu ya kitu kikavu kama reli ya kitanda au kitufe cha mashine kwa wiki kadhaa bado yuko hai. Shirika la Afya Duniani limemweka kwenye kundi la juu kabisa la bakteria sugu wanaohitaji dawa mpya.

Je ni uzembe? Hapa nitakuwa mkweli pande zote mbili. Wagonjwa wa sepsisi wanapata maambukizi mapya ICU hata kwenye hospitali tajiri, utafiti wa Uholanzi uliotoka 2016 ulifuatilia ICU mbili kubwa ukakuta asilimia 13.5 ya waliolazwa kwa sepsisi walipata maambukizi mengine wakiwa hukohuko ndani, nimonia ikiwemo, na hao ni Waholanzi wenye kila kitu. Utafiti huohuo ulionyesha kwamba kwa waliofariki, sehemu kubwa ilikuwa ukali wa ugonjwa wa mwanzo, hayo maambukizi mapya yalichangia sehemu ndogo. Kwa hiyo kupata nimonia peke yake siyo ushahidi wa uzembe. Lakini pia sitaki ufumbe macho, maana sehemu ya nimonia hizi inazuilika, na inazuilika kwa vitu ambavyo havihitaji mashine ya mamilioni.

Kitanda, kwa mfano. Barcelona mwaka 1999 waligawa wagonjwa 86 wa mashine, nusu walazwe chali na nusu wainuliwe kifua nyuzi 45, waliolala chali asilimia 34 walishukiwa kupata nimonia, walioinuliwa asilimia 8, mpaka jaribio likakatishwa mapema. Baadaye Waholanzi walipopima kitanda kwa chombo siku nzima walikuta wale waliopangiwa nyuzi 45 wastani wao haukufika hata 30. Najua kwa nini. Mgonjwa anashushwa kuogeshwa, anashushwa kupigwa eksirei, anateleza mwenyewe kuelekea miguuni, na nesi mmoja ana wagonjwa wanne, kitanda kinabaki chini masaa mawili hakuna aliyekusudia. Nimeshuhudia mwenyewe sehemu niliyowahi kufanya kazi, tunapita raundi asubuhi tunakuta vitanda vitatu vimelala bapa kabisa, hakuna aliyekumbuka kuvirudisha tangu saa kumi na moja walipomaliza kuogesha. Kwa hiyo ukiingia kuona mama, angalia kitanda. Kama kimelala, mwambie nesi kwa upole, "Sista, samahani, mama anaweza kuinuliwa kidogo?" Saa zingine atakuambia hapana presha imeshuka au kuna jambo la kidonda, sawa, ana sababu. Mara nyingi atasema asante umenikumbusha.

Kingine ni meno, na kwenye hili ushauri umebadilika. Zamani tulikuwa tunasisitiza kusafisha mdomo wa mgonjwa wa mashine kwa dawa ya klorheksidini, siku hizi mwongozo wa Marekani wa 2022 umeacha kuipendekeza kwa kazi hii, wanataka mswaki. Mswaki wa kawaida. Mwishoni mwa 2023 ulitoka uchambuzi uliojumlisha majaribio 15, ukaonyesha waliopigwa mswaki walipata nimonia ya hospitalini pungufu kwa karibu theluthi moja, na faida ilikuwa kubwa zaidi kwa walio kwenye mashine. Hiki ni kitu mnachoweza kusaidia leo, nunueni mswaki mdogo wa mtoto wenye nyuzi laini, mkabidhini nesi. Msimsafishe wenyewe, maana inabidi mwingine awe anavuta mate kwa mashine wakati wa kupiga mswaki, na mpira usisogee hata kidogo.

La tatu, na kwangu hili ndo kubwa kuliko yote, ni kumtoa kwenye mpira mapema. Kila asubuhi timu inatakiwa kujiuliza kama dawa ya usingizi inaweza kupunguzwa na kama anaweza kujaribiwa kupumua mwenyewe. Jaribio la Marekani lililotoka 2008, wagonjwa 336, lilionyesha waliofanyiwa hivyo viwili pamoja kila siku walitoka kwenye mashine mapema na baada ya mwaka mmoja walioishi walikuwa wengi zaidi. Mnaweza kumkuta mama siku hiyo anahangaika kidogo, macho wazi, anataka kushika mpira, msiogope mkaanza kupiga kelele alazwe tena, shika mkono wake umwambie yuko wapi na leo ni siku gani. Na mikono hiyo muoshe kabla ya kumgusa na baada ya kumgusa, msikalie kitanda, msitoke kwake mkaenda kumsalimia mgonjwa wa jirani kwa kumshika.

Matibabu ya nimonia yenyewe yanaendaje. Kwanza wahakikishe ni nimonia kweli, maana mapafu ya mtu mwenye sepsisi yanaweza kuonyesha weupe kwenye eksirei kwa sababu ya maji au kwa sababu sehemu ya pafu imejikunja kwa kulala muda mrefu. Wanaangalia vitu kwa pamoja, homa, makohozi yamekuwa mazito yenye usaha, chembe nyeupe zimepanda, oksijeni anayohitaji imeongezeka. Alafu wachukue kohozi kupitia mpira likaoteshwe, na inapendeza lichukuliwe kabla dawa mpya haijaanza, ingawa kwa mtu aliye mahututi hawawezi kumwacha bila dawa kusubiri majibu ya siku mbili tatu. Kwa hiyo wanaanza na dawa pana, kama meropenemu peke yake au pamoja na amikasini kutegemea bakteria wa hospitali ile, na majibu yakitoka wanapunguza au wanabadilisha. Daktari akikuambia siku ya tatu anaacha dawa moja usidhani kakata tamaa, hapo anafanya kazi nzuri. Muda wa kawaida ni siku 7. Zamani ilikuwa wiki mbili, Wafaransa mwaka 2003 wakalinganisha siku 8 na siku 15 kwa wagonjwa 401, waliotumia siku 8 hawakufa zaidi, ingawa wenye sudomonasi nimonia ilirudi mara nyingi zaidi. Kwenu nyie mnaonunua dawa nje, la muhimu ni dozi isirukwe, nunueni famasi iliyosajiliwa, ombeni mjulishwe dawa kabla haijaisha ili msianze kuhangaika saa sita usiku, na msibadilishe aina kwa ushauri wa muuza duka hata akisema ni ileile.

Ndani ya siku tatu hivi dawa ikiwa sahihi homa inaanza kushuka na oksijeni ya mashine inapunguzwa. Eksirei inachelewa, inaweza kubaki mbaya wakati mgonjwa anapona, kwa hiyo ukiambiwa picha bado usizimie.

Kumhamisha. Mwambie kaka hasira yake naielewa, ila mgonjwa wa mashine mwenye presha ya kubebwa na dawa kumtoa kitandani kumpakia kwenye ambulensi ni safari ya hatari, mpira unaweza kuchomoka, oksijeni inaweza kuisha njiani, presha inaweza kuporomoka. Kuna sababu za kuhamisha, kama pale hawana huduma ya kusafisha figo na anaihitaji, au oksijeni inasuasua, au maabara haiwezi kuotesha kohozi na hali inazidi kuwa mbaya. Hapo madaktari wa pande zote mbili waongee kwanza, kitanda cha ICU kiwe kimethibitishwa, na asafiri na mtu anayejua mashine. Kuhamisha kwa sababu neno nimonia limesikika tu, hapana.

Kuna jambo moja la mbele kidogo, mama akishatolewa mpira. Nilikuwa na kijana mmoja, kidole tumbo kilipasuka akapata sepsisi, akakaa mashine siku tisa, akatoka, tukafurahi wote. Siku ya pili baada ya kutolewa mpira shangazi yake alikuja na uji wa ulezi kwenye chupa ya chai, mtoto kadhoofika, mikono imebaki mifupa, shangazi gani angeweza kuvumilia? Akamnywesha kijiko kwa kijiko, kijana kalala nusu macho, kichwa chini. Hakukohoa. Hilo ndo lilimdanganya shangazi, kwamba hakukohoa. Usiku oksijeni ikashuka kutoka 96 mpaka 84, tulipomvuta makohozi kwenye mrija tukaona kahawia ya ulezi inapanda. Alirudi mashine siku sita nyingine. Alipona yule kijana, lakini shangazi mpaka anaruhusiwa kurudi nyumbani alikuwa hawezi kunitazama usoni, na mimi nikajilaumu kwamba hakuna kati yetu aliyekaa naye dakika mbili kumweleza kwamba mtu aliyetoka kwenye mpira koo lake linakuwa limesahau kumeza, kitu kinaweza kuingia kwenye mapafu kimyakimya. Kwa hiyo mama akitolewa mpira, hata maji ya kulowesha midomo ulizeni kwanza. Atajaribiwa kumeza akiwa amekaa wima na macho wazi, na yeye ana operesheni ya tumbo pia, mpasuaji lazima aseme ndiyo.

Kesho saa ya kuona wagonjwa muombe daktari wa ICU dakika tano, nenda na kaka yako, muulizeni kohozi limechukuliwa lini na majibu yanatoka lini, mashine inampa oksijeni asilimia ngapi leo na juzi ilikuwa ngapi, dawa ya presha imepunguzwa au imeongezwa, na lini wanapanga kumjaribu kupumua mwenyewe. Andika majibu kwenye karatasi na tarehe. Majibu ya kuotesha yakitoka niandikie hapa, jina la bakteria na zile dawa zilizoandikwa pembeni yake herufi S au R, nitakusomea.